Mdundo Usio na Maneno: Albamu ya "Bongo Rock" (1973) na Mipaka ya Uchambuzi wa Nyimbo

Uchambuzi wa nyimbo katika idara za Kiswahili umejengwa juu ya dhana ambayo ni nadra kuelezwa waziwazi: kwamba wimbo ni matini, na kwamba matini ni maneno. Mtafiti hurekodi wimbo, hunukuu maneno yake, huyapanga katika beti, kisha huanza kazi ya kubainisha dhamira, taswira na jazanda. Gitaa, fidla, tumba na dramu hubaki nje ya mlango, au hupewa aya moja yenye maelezo ya jumla kuhusu "mahadhi ya kuvutia". Utaratibu huu umezaa tasnifu nyingi nzuri, na hakuna sababu ya kuudharau. Hata hivyo, una mipaka, na njia iliyo wazi ya kuiona mipaka hiyo ni kuujaribu mbele ya kazi isiyo na mwimbaji, kazi ambayo mnukuzi akiisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho hubaki na karatasi tupu.

Makala haya yanajadili kazi moja ya namna hiyo: albamu ya Bongo Rock, iliyotolewa Marekani mwaka 1973 na kundi lililojiita Incredible Bongo Band. Kundi hilo lilikuwa la studio, muziki wake ulikuwa wa ala tupu katika mtindo wa fanki, na lilitokea katika miaka ambayo disko ilikuwa inaanza kushika kumbi za dansi za miji mikubwa ya nchi hiyo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sehemu ya albamu hiyo iliyogeuza historia ya muziki ni ile ambayo mhakiki wa maneno hana chombo cha kuipimia, na ambayo sheria ya hakimiliki nayo haikuiona kuwa utunzi. Kufanana kwa upofu huo wa aina mbili si jambo la kupuuzwa.

Kabla ya kuendelea, ni vyema kuondoa utata wa neno. Msomaji wa Afrika Mashariki akikutana na jina "Bongo Rock" huenda akadhani lina uhusiano na Dar es Salaam. Halina. Bongo ya albamu hii ni jozi ya ngoma ndogo zilizounganishwa, moja kubwa kidogo kuliko nyenziwe, zinazopigwa kwa vidole na viganja. Ni ala ya mashariki ya Cuba, iliyopata umaarufu pamoja na muziki wa son. Bongo ya Tanzania ni wingi wa ubongo, lakabu iliyotokana na imani ya watu wa mjini kwamba asiyetumia akili hapati riziki huko. Hizi ni homonimu. Mtu anayetaka kuziunganisha kwa asili moja atajisumbua bure, ingawa, kama itakavyoonekana, maneno haya mawili yalikuja kupishana njiani kwa namna ambayo hakuna mwanaleksikografia angeweza kuitabiri.

Kundi lenyewe lilizaliwa kutokana na sinema. Mwaka 1972 ilitolewa filamu iitwayo The Thing with Two Heads, kisa cha mzungu mbaguzi ambaye kichwa chake kinapandikizwa kwenye mwili wa mtu mweusi. Si filamu ambayo mtu angeitafuta kwa ajili ya sanaa yake. Ilihitaji muziki wa kuambatana na tukio la kufukuzana kwa magari, na Michael Viner, aliyekuwa na wadhifa katika kampuni ya santuri ya MGM, ndiye aliyeshughulikia kupatikana kwake. Muziki ule ukapendwa kuliko sinema iliyouzaa. Kwa hiyo Viner akakusanya wanamuziki wa kukodiwa, akamweka Perry Botkin Jr. kuwa mpangaji wa ala, na kazi kubwa ya albamu ikafanyika katika studio za Can-Base mjini Vancouver, Kanada. Mpiga dramu mkuu alikuwa Jim Gordon, ambaye awali alikuwa katika kundi la Derek and the Dominos pamoja na Eric Clapton. Bongo na tumba zilipigwa na King Errisson, mzaliwa wa Bahamas, ambaye watazamaji wa filamu za James Bond wanaweza kumwona akipiga ngoma katika Thunderball ya mwaka 1965. Albamu ya pili ilifuata mwaka 1974, kisha kundi likafifia.

Neno "kundi" hapa linahitaji tahadhari. Incredible Bongo Band haikuwa bendi kwa maana ambayo Mlimani Park au Vijana Jazz zilikuwa bendi, yaani watu wanaofahamika kwa sura, wanaofanya mazoezi pamoja, wanaopiga kila Jumamosi katika ukumbi fulani na kugombana na uongozi wao mbele ya wapenzi wao. Lilikuwa jina lililobandikwa juu ya kazi ya mikono ya watu walioitwa studioni, wakalipwa, wakaenda zao. Utaratibu huu ulikuwa wa kawaida katika Marekani ya wakati ule. Mjini Detroit wapo waliojulikana baadaye kama Funk Brothers, ambao walipiga katika mamia ya santuri za Motown bila majina yao kuandikwa kwenye jalada kwa miaka mingi. Mjini Philadelphia, katika studio za Sigma Sound, wanamuziki wa Kenneth Gamble na Leon Huff walipewa jina la MFSB, na mwaka 1974 kipande chao cha "TSOP", ambacho kwa sehemu kubwa ni ala tupu, kilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya santuri zilizouzwa zaidi nchini humo. Mwaka uliofuata baadhi ya nguzo zake, akiwamo mpiga dramu Earl Young, walihamia kazi ya Salsoul Orchestra mjini New York baada ya kutoelewana kuhusu malipo. Ni Earl Young huyo ambaye mpigo wake katika "The Love I Lost" ya Harold Melvin & the Blue Notes, mwaka 1973, huhesabiwa kuwa mojawapo ya misingi ya mdundo wa disko duniani kote. Yamkini wengi waliocheza kwa mdundo huo Nairobi, Lagos au Bombay hawakuwahi kulisikia jina lake.

Turejee kwenye albamu. Ina vipande vinane, na vingi vyake ni kazi za watu wengine zilizopigwa upya. "Bongo Rock" yenyewe ilikuwa santuri ya Preston Epps ya mwaka 1959. "Let There Be Drums" ilikuwa ya Sandy Nelson, na "In-A-Gadda-Da-Vida" ilikuwa ya kundi la roki la Iron Butterfly. Majina ya vipande vipya ni mzaha mtupu: "Last Bongo in Belgium" inachezea jina la filamu ya Last Tango in Paris ya mwaka 1972, na "Dueling Bongos" inachezea kipande cha banjo kilichovuma kutokana na filamu ya Deliverance ya mwaka huohuo. Kwa mwanaisimu majina haya yana mvuto wa pekee. Katika muziki wa ala tupu, jina ndiyo ishara pekee ya kiisimu aliyopewa msikilizaji, na kwa hiyo hubebeshwa mzigo wote ambao katika wimbo wa kawaida hugawanywa baina ya beti na kiitikio. Hapa watunzi waliutupa mzigo huo kwa kicheko. Majina hayasemi lolote kuhusu muziki unaofuata. Mhakiki atakayeanza na majina, akijipa moyo kwamba walau hayo ni maneno, atapotezwa tangu hatua ya kwanza.

Kipande kinachohusika hasa ni "Apache", na safari yake inastahili kusimuliwa kwa utulivu. Mwingereza Jerry Lordan aliitunga lahani hiyo baada ya kuvutiwa na filamu ya Hollywood ya mwaka 1954 yenye jina hilohilo, ambamo Burt Lancaster, mzungu aliyepakwa rangi, aliigiza shujaa wa Kiapache. Kundi la Uingereza la The Shadows liliirekodi kwa gitaa la umeme na mwaka 1960 ikakaa katika nafasi ya kwanza nchini humo kwa majuma matano. Mdenmaki Jørgen Ingmann akairekodi kwa namna yake, na toleo lake ndilo lililovuma Marekani mwaka 1961. Kwa hiyo, lahani iliyofika Vancouver mwaka 1973 ilikuwa taswira ya Mwingereza kuhusu taswira ya Hollywood kuhusu taifa la wenyeji wa Amerika, na hakuna Mwapache yeyote aliyeshirikishwa katika hatua yoyote. Ikiwa mtu anashikilia kwamba maana ya kazi iko katika jina lake na nia ya mtunzi, basi hapo ndipo maana ingeishia, na ingekuwa maana haba.

Lakini Gordon na Errisson walifanya jambo jingine. Toleo lao, linalokaribia dakika tano, linaanza kwa dramu na bongo pekee. Lahani ya Lordan inaingia baadaye, ikichukuliwa na gitaa, kinanda na tarumbeta kwa kupokezana, nayo ni shangwe ya kawaida ya wakati ule, yenye nguvu na yenye kelele kidogo. Kisha katikati ya kipande ala zote za lahani zinanyamaza. Zinabaki dramu, bongo na tumba, kwa muda mrefu kuliko desturi ya santuri za biashara. Dramu za Gordon zinashika njia iliyonyooka na nzito. Vidole vya Errisson vinajaza nafasi baina ya pigo na pigo, vikitangulia kidogo hapa na kuchelewa kidogo pale, hivi kwamba msikilizaji anahisi mwendo ukiongezeka kasi ilhali saa ingeonyesha kwamba haukuongezeka. Katika fanki, mtindo uliopevushwa na James Brown na wapigaji wake katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, uzito huwekwa katika pigo la kwanza, na kila ala, hata gitaa na sauti ya binadamu, hutumika kana kwamba ni ngoma. Sehemu ya katikati ya "Apache" inaichukua kanuni hiyo hadi mwisho wake wa kimantiki: ala ambazo zingejifanya ngoma zimeondoka, na ngoma zenyewe zimebaki.

Sehemu kama hiyo Wamarekani huiita kwa neno ambalo kwa Kiswahili lingetamkwa "breki", na ni bahati mbaya kwamba breki tayari ni ya gari na baiskeli. Makala haya yatatumia "mdundo mtupu", kwa kulinganisha na "ala tupu", istilahi iliyokwisha kuzoeleka. Mdundo ni neno la watu, limetokana na kudunda, na halihitaji kufafanuliwa na kamati yoyote.

Mwaka 1973, mwaka uleule wa albamu, kijana mwenye asili ya Jamaika, Clive Campbell, aliyejulikana kama Kool Herc, alianza kupiga santuri katika sherehe za mtaa wa Bronx, New York. Sherehe ya tarehe 11 Agosti mwaka huo, iliyoandaliwa na dada yake katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, ndiyo inayoadhimishwa kuwa mwanzo wa hip-hop. Herc aligundua kwamba wachezaji wake walikuwa wakisubiri. Wimbo ungepigwa, nao wangesimama pembeni, hadi ufike mdundo mtupu. Hapo wangerukia katikati ya ukumbi, na baada ya sekunde chache ala nyingine zingerudi na raha ingekwisha. Ufumbuzi wake ulikuwa kuweka nakala mbili za santuri moja kwenye mashine mbili. Mdundo mtupu ukimalizika kwenye nakala ya kwanza, huanzishwa kwenye ya pili, kisha hurudishwa kwenye ya kwanza, kwa muda wowote ambao miguu ya wachezaji inaweza kustahimili. Albamu ya Bongo Rock ikawa miongoni mwa santuri zake kuu, na "Apache" ikapata sifa ya kuwa wimbo wa taifa wa hip-hop, sifa ambayo Herc mwenyewe ameitilia muhuri.

Alichofanya Herc kinaweza kuelezwa kwa istilahi za sarufi bila kulazimisha mambo. Katika mpangilio wa Botkin, mdundo mtupu ni kishazi tegemezi. Unaahirisha kurudi kwa lahani, unaongeza hamu, na uhalali wake unatokana na kile kinachoutangulia na kinachoufuata. Herc aliukata kutoka katika sentensi yake, akaurudiarudia hadi ukawa kishazi huru, hatimaye ukawa mada. Kilichokuwa kiini cha kipande machoni pa mtunzi, yaani lahani iliyosajiliwa kwa jina lake, kikageuka kuwa kiambatisho kinachoweza kuachwa. Huu ni uchanganuzi wa matini kwa maana kamili ya neno hilo. Ulifanywa na kijana wa miaka kumi na minane kwa sindano mbili za gramafoni, na matokeo yake yamedumu kuliko chambuzi nyingi zilizochapishwa.

Hapa Kiswahili kina jambo la kuwafundisha wananadharia. Kiingereza hutumia kitenzi kimoja kwa ala na santuri, lakini wanazuoni wake walibishana kwa miaka mingi kama mtu anayecheza santuri za wengine anastahili kuitwa mwanamuziki. Kiswahili kina kupiga: mtu hupiga ngoma, hupiga gitaa, hupiga santuri, hupiga muziki. Kitendo cha Errisson kugusa ngozi na kitendo cha Herc kugusa sahani vinakaa chini ya kitenzi kimoja, na katika mitaa ya Dar es Salaam mtu akisema "piga ngoma" leo huwa anamtaka mpiga santuri acheze wimbo. Ngoma nayo ni ala, ni dansi, ni tukio zima la jamii, jambo ambalo wanahistoria wamelitambua angalau tangu Terence Ranger alipochapisha kitabu chake kuhusu beni mwaka 1975. Neno lililofinywa ni "wimbo". Wimbo hutokana na kuimba, na kuimba kunataka koo. Je, si ajabu kwamba taaluma iliyokuwa na neno pana kama ngoma ilichagua kujijenga juu ya neno finyu kama wimbo?

Kuna pingamizi lililo dhahiri. Hip-hop, mtu atasema, ni sanaa ya maneno kuliko sanaa nyingine yoyote ya karne ya ishirini. Kwa hiyo mfano huu unaunga mkono uchambuzi wa maneno badala ya kuudhoofisha. Pingamizi hili linasahau mpangilio wa matukio. Katika sherehe za mwanzo mshika kipaza sauti, Coke La Rock akiwa wa kwanza kutajwa, aliwaita marafiki kwa majina na kuwachangamsha wachezaji kwa misemo mifupi. Maneno yalikuja kuhudumia mdundo. Yalirefuka kwa sababu mdundo ulikuwa umerefushwa, na urari wa vina vyake ulipimwa kwa urefu wa zamu ya santuri. Mwaka 1981 "Apache" ilipata matokeo mawili yanayofaa kulinganishwa. Grandmaster Flash aliiingiza katika "The Adventures of Grandmaster Flash on the Wheels of Steel", kazi iliyoundwa kwa kuunganisha santuri za wengine. Sugarhill Gang, kwa upande wao, waliipiga upya na kuijaza maneno ya utani kuhusu Wahindi Wekundu wa sinema. Toleo la Sugarhill Gang lingali linachezwa harusini, lakini kwa maneno yale walilirudisha jina la "Apache" kwenye karagosi la Hollywood ambalo mdundo wa Gordon na Errisson ulikuwa umekwisha kulisahau. Miaka ishirini na moja baadaye, mwaka 2002, Nas aliutumia mdundo uleule katika "Made You Look", ukiwa umepunguzwa kasi na kutiwa kiza, na maana yake ikawa tofauti kabisa. Mdundo mmoja umebeba furaha ya mtoto na kitisho cha mtu mzima. Ni maneno machache yanayoweza kufanya hivyo.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine na ni la hatari zaidi kwa sababu linapendeza. Wapo watakaosema kwamba ngoma za Mwafrika husema, na kwamba bongo ya Errisson ni lugha iliyovuka bahari. Kauli hizi zikomeshwe. Ngoma zinazosema zipo, na John F. Carrington alizichunguza miongoni mwa Walokele wa Kongo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1949; zinasema kwa sababu zinaiga toni za lugha yenye toni, na msikilizaji asiyeijua lugha hiyo haelewi kitu. Bongo ya "Apache" haiigi toni za lugha yoyote. Haina pendekezo la kimantiki, haina kiima wala kiarifu. Kuikweza kwa kuiita lugha ni kukubali tena, kwa mlango wa nyuma, kwamba kisicho lugha hakina maana. Maana yake iko katika matumizi: mahali inapokaa katika kipande, matarajio inayoyajenga, miili inayoisogeza. Isimu inayochunguza lafudhi, kituo na mkazo haipaswi kupata taabu kulielewa hilo.

Ni katika sheria, hata hivyo, ndipo suala hili linapoacha kuwa la nadharia. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hutambua haki mbili katika santuri: haki ya utunzi, na haki ya sauti iliyorekodiwa. Utunzi kwa desturi ya mahakama na wachapishaji ni lahani na maneno. Kwa hiyo mrabaha wa utunzi wa "Apache" ni wa Lordan, aliyefariki mwaka 1995, na warithi wa haki zake, hata pale ambapo msanii amechukua mdundo mtupu ambamo hamna noti hata moja ya lahani ya Lordan. Haki ya sauti huwa ya mwenye santuri. Mwanamuziki wa studio, kwa utaratibu wa tasnia hiyo, hulipwa ujira wa kikao. Mara mahakama ya New York ilipoamua mwaka 1991, katika shauri la Biz Markie, kwamba kunyofoa kipande cha santuri bila ruhusa ni wizi, fedha nyingi zilianza kupita mikononi mwa wenye haki hizo mbili. Aliyepiga ngoma hakuwa mmoja wao. Mifano mingine inajulikana. Clyde Stubblefield, aliyepiga dramu za "Funky Drummer" ya James Brown, alifariki mwaka 2017 bila kupata mrabaha wa utunzi wa mdundo ulionyofolewa pengine mara nyingi kuliko mwingine wowote wa bwana wake. Gregory Coleman, mpiga dramu wa "Amen, Brother" ya mwaka 1969, alifariki mwaka 2006 akiwa fukara, ilhali sekunde chache za mkono wake zilikuwa zimezaa mitindo kadhaa ya muziki nchini Uingereza.

Mhakiki anayenukuu maneno na kuacha mdundo, na hakimu anayehesabu lahani na kuacha mdundo, wanafuata ramani moja. Mhakiki hatozi faini wala hatoi hundi, lakini husaidia kuamua nini kitaitwa kazi na nani ataitwa mtunzi. Istilahi ya Kitanzania katika eneo hili, kwa kweli, ni bora kuliko utendaji wake: sheria namba 7 ya mwaka 1999 inaitwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na neno hakishiriki, ambalo msingi wake ni kushiriki, linamtazama mpigaji kama mshiriki wa kazi, ilhali istilahi ya Kiingereza inazungumzia haki za "jirani", kana kwamba mpigaji anaishi nyumba ya pili.

Kwamba jambo hili linaihusu idara ya Kiswahili si suala la kulazimisha. Rapu ya Kiswahili ilipoanza kusikika mwanzoni mwa miaka ya 1990, Saleh Jabir alipoweka maneno ya Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani iliyokwisha kurekodiwa, ilikuwa inarudia mpangilio uleule wa Bronx: mdundo ulikuwapo, maneno yakafuata. Mtindo huo ulipopata jina la Bongo Fleva, zile homonimu mbili zilizotajwa mwanzoni zikakutana; sanaa iliyochipuka juu ya bongo, ngoma ya Cuba, ikachukua jina la bongo, akili ya Dar es Salaam, bila yeyote kukusudia. Hata mtayarishaji aliyeongoza studio ya Bongo Records na kutengeneza midundo ya kizazi kile anajulikana kwa jina la P-Funk Majani. Neno fanki limekaa ndani ya jina lake, na midundo yake imesikika katika nyimbo ambazo maneno yake yamehakikiwa katika tasnifu kadhaa. Ni mara ngapi mdundo wenyewe umehakikiwa?

Wala mwambao haukusubiri Marekani ili uwe na muziki wa ala tupu. Taarabu ya Unguja ina bashrafu, kipande cha kufungulia kisicho na mwimbaji, ambacho vikundi kama Ikhwani Safaa na Culture vimekihifadhi kwa heshima kubwa. Muziki wa dansi una sebene iliyotoka Kongo, na bendi za Dar es Salaam zilikuwa na chemko, ile sehemu ya pili ambamo mwimbaji hupunguza maneno, magitaa huzungushana na sakafu hujaa. Sebene si mdundo mtupu, kwani gitaa ndilo linalotawala. Lakini wachezaji wa DDC Kariakoo waliisubiri kwa subira ileile ya wachezaji wa Sedgwick Avenue. Mtafiti aliyenukuu maneno ya wimbo wa dakika nane na kusimama pale mwimbaji aliponyamaza, ameacha nusu ya kazi ndani ya mashine yake.

Linalopendekezwa ni dogo na linatekelezeka. Mwanafunzi wa uzamili anayenukuu wimbo aandike pia muda: dakika na sekunde ambapo sauti inaingia na inapotoka. Aonyeshe vipindi visivyo na maneno kwa mistari mitupu yenye urefu unaolingana na muda wake, badala ya kuvifuta. Aandike nani alipiga nini, kwa majina, pale ambapo majina yanapatikana kwa kuwauliza wenyewe wakiwa bado hai. Gordon alifariki mwaka 2023, Viner mwaka 2009, Botkin mwaka 2021; wa Vancouver wanajulikana leo kwa sababu mashabiki, si wanazuoni, waliwatafuta. Wapigaji wa tumba na dramu wa bendi za Dar es Salaam na Nairobi za miaka ya 1970 wengi wamekwisha kutangulia, na waliobaki ni wazee ambao nyumba zao zinafikika kwa daladala.